Kumimina na Kusukuma: Chapati Mbili za Kibera na Kawangware

Kuna njia mbili za kuufikisha unga wa ngano kwenye kikaango. Ya kwanza ni kuukoroga kwa maji au maziwa hadi uwe uji, kisha kuumimina. Ya pili ni kuukanda hadi uwe donge, kisha kulisukuma juu ya kibao. Wafaransa na Waholanzi, wanaojulikana kote kwa chapati zao, wote wawili humimina. Wanachotofautiana ni unene, na ni wapi kitoweo kinakaa. Mfaransa, hasa yule wa Brittany katika pembe ya magharibi ya nchi yake, humwaga uji mwepesi juu ya bamba la chuma la duara na kuutandaza kwa kijiti hadi chapati ipenyeze mwanga. Yai, jibini au nyama huja baadaye, chapati ikakunjwa juu yake. Mholanzi hutumia uji mzito, chapati yake hujaa sahani nzima, na vipande vya nyama ya nguruwe au tufaha hutangulia kikaangoni ili viive ndani ya unga wenyewe. Kwa Mfaransa chapati ni nguo ya kitoweo. Kwa Mholanzi chapati na kitoweo ni kitu kimoja.

Jambo lililonivutia zaidi katika habari za Brittany ni jinsi chakula cha wakulima wa ardhi duni kilivyopata jiji. Reli kutoka Paris ilifika Brest mwaka 1865. Vijana wa Brittany wakapanda treni kwenda kutafuta kazi, wakashukia kituo cha Montparnasse, na wengi hawakwenda mbali na pale waliposhukia. Mitaa inayokizunguka kituo hicho imejaa vibanda na mikahawa ya chapati zao hadi leo. Chakula kilifuata reli, na reli ilifuata kazi.

Nairobi pia ni mji uliozaliwa na reli, na una chapati zake mbili: ya maji na ya kusukuma. Yeyote aliyewahi kupita Toi Market ya Kibera jioni au kushuka kwenye matatu ya nambari 46 kule Kawangware anajua kwamba ya kusukuma ndiyo iliyotawala barabara. Iliyobaki nyumbani haionekani sana, ingawa karibu kila mama wa mitaa hiyo anaijua. Nataka kueleza ilikuwaje hivyo, kwa sababu jibu ambalo watu hulikimbilia, kwamba chapati ni ya Wahindi na basi, linaacha nje karibu kila kitu chenye uzito.

Pwani kabla ya reli

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa na kuandika kwamba wenyeji hawakulima nafaka, waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani, na kwamba ndizi na samaki ndivyo vilivyokuwa chakula chao kikuu. Nafaka ya pwani ilikuwa mtama, wimbi na mchele. Ngano ilikuwa bidhaa ya jahazi, iliyosafiri na pepo za kaskazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, nayo ilikuwa ya wenye uwezo.

Hata hivyo, ufundi wa kumimina haukuingojea ngano. Vibibi vya unga wa mchele na tui la nazi, mkate wa kumimina na vitumbua vyote hutokana na uji unaomwagwa penye moto. Mpishi wa Lamu au Mombasa alijua uji ufikie uzito gani kabla ya kuumwaga, na alijua ishara ya vitundu vinavyotoboka juu vikimwambia kwamba upande wa chini umeshika. Ngano ilipopatikana kwa wingi, ikaingizwa katika ufundi uliokuwepo tayari. Hapo ndipo ilipo chapati ya maji ya pwani: unga, maji, yai kama lipo, chumvi au sukari, wakati mwingine tui.

Ile ya kusukuma ilikuja na familia za wafanyabiashara wa Kihindi waliohamia Unguja na Mombasa, hasa katika karne ya 19, walipofuata biashara ya karafuu, pembe na nguo. Waswahili waliichukua na kuibadilisha. Ile ya kila siku ya nyumba nyingi za Kihindi ni nyembamba, kavu, haina tabaka, na hupakwa samli ikishaiva. Ile ya Mswahili hupakwa mafuta katikati ya kazi, hukunjwa, husukumwa tena na kukaangwa, ndugu wa karibu zaidi wa paratha. Kwa hiyo chapati ambayo baadaye ilipanda bara ilikuwa imekwisha kukaa pwani na kubadilika.

1896 hadi 1901: posho ya wajenzi

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika uwanda wa Nairobi Mei 1899 na Ziwa Victoria Desemba 1901. Waingereza waliajiri karibu wafanyakazi 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab. Takribani 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na, kule Tsavo, simba. Karibu 6,700 walibaki Afrika Mashariki mikataba yao ilipokwisha.

Kundi kubwa hivyo haliwezi kujenga reli kwa chakula kisichojulikana tumboni. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, alipewa kandarasi ya kuleta wafanyakazi na vilevile ya kuwalisha, na unga wa ngano, mchele, dengu na samli vikapanda bara pamoja na mataruma ya reli. Kila kambi ilikuwa na mahali pa kukandia na kupikia. Hii ilikuwa mara ya kwanza unga wa ngano kuvuka nyika ya Taru kwa wingi na kwa utaratibu, si kama zawadi ya msafara. Reli ilipokwisha, maduka ya Wahindi yakafuata njia ileile, na jina la Allidina Visram, aliyekuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda, likajulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kumwona.

Leo reli ikitoka Nairobi kwenda magharibi inapita Kibera. Wakati ule wa ujenzi hapakuwa na mtaa. Palikuwa msitu.

Kibera ya askari, Dagoretti ya wakulima

Wenyeji wa kwanza wa makazi ya Kibera walikuwa Wanubi, askari wa asili ya Sudan na familia zao. Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwachukua mabaki ya jeshi la gavana Emin Pasha karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, na wengi waliishia katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Kuanzia karibu 1904 wale waliostaafu walianza kuruhusiwa kukaa kwenye ardhi hiyo ya kusini-magharibi mwa Nairobi. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, na mwaka 1928 zikahamishiwa utawala wa kiraia bila wakazi kupewa hati. Walingoja hati ya pamoja hadi 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288.

Wanubi walikuja na mapishi yao, na mapishi ya Sudan yanarudia kwa namna ya ajabu tofauti ile ya Mfaransa na Mholanzi. Kule wana kisra, uji wa mtama uliochachuka unaotandazwa mwembamba kabisa juu ya bamba la moto kwa kipande cha ukuti. Na wana gurasa, ya ngano, nene, inayoloweka mchuzi. Watu wa Makina, kitovu cha Wanubi ndani ya Kibera, hadi leo huitaja, kwa jina la gurusa, miongoni mwa vyakula vyao. Ina maana kwamba katika Kibera kumimina kulitangulia kusukuma, na kulitoka kaskazini kabla ya kutoka pwani.

Kawangware ina asili nyingine. Hiyo ni Dagoretti, ardhi ya koo za Wakikuyu, ukingoni mwa msitu. Mwaka 1890 Lugard alijenga ngome hapo baada ya kuapishana na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga, kwa sababu misafara ya kwenda Uganda ilihitaji pa kununulia chakula kabla ya kuingia Bonde la Ufa. Mahindi, maharagwe na viazi vitamu viliuzwa kwa wapita njia miaka kumi kabla Nairobi haijakuwa mji. Urafiki haukudumu. Ngome ilishambuliwa, Waiyaki akakamatwa mwaka 1892 na kufia Kibwezi akipelekwa pwani. Sehemu ya ardhi ikawa mashamba ya wageni, iliyobaki ikawekwa katika hifadhi ya Waafrika. Mipaka hiyo ndiyo iliyoifanya Kawangware iwe jirani wa kila siku wa matajiri: upande mmoja vyumba vya mabati, upande wa pili Lavington.

Na hapo, kwenye mpaka huo, walikuwepo Wafaransa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa na kituo Bagamoyo tangu 1868, walifika Nairobi mwaka 1899 na kuanzisha misheni ya St Austin's. Mbegu ya kahawa waliyoileta kwa njia ya Bagamoyo na Bura, kule Taita, ilienea katika mashamba mengi ya Kenya hadi aina nzima ya kahawa ikaitwa kwa jina la misheni ya Wafaransa. Chapati yao haikuenea. Wakikuyu wa Kawangware waliofanya kazi katika mashamba hayo waliondoka na ujuzi wa kupogoa mibuni. Kikaango hakikuwahi kutoka jikoni mwa mapadre.

Ngano ya Makaburu

Waholanzi nao walifika, kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1908 kundi la Makaburu wapatao 250, wazao wa walowezi wa Kiholanzi wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa wakiwa na mikokoteni na farasi, wakasafiri kwa reli hadi Nakuru na kwa ng'ombe hadi uwanda wa Uasin Gishu. Mji wao uliitwa Sixty-Four, kwa nambari ya shamba, jina ambalo wenyeji walilitamka Sisibo. Baadaye ukawa Eldoret. Walipika pannekoek zao zenye sukari na mdalasini majumbani mwao, na wengi wao walipoondoka Kenya karibu na uhuru, waliondoka nazo.

Waliacha kitu kikubwa kuliko mapishi: uwanda uliolimwa ngano. Mlowezi wa Kiingereza, Lord Delamere, alikuwa ameanza mapema kidogo kule Njoro, kutu, ugonjwa wa ngano, ikamlia shamba zima, akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu kwa fedha zake. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga Limited ili ngano ya walowezi isagwe nchini. Kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu za ngano kilifuata Njoro mwaka 1927. Kutu haikuisha. Aina yake kali inayoitwa Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na watafiti wa dunia nzima wakapeleka mbegu zao Njoro kupimwa.

Sasa fikiria jinsi mambo yalivyopangwa. Ngano ililimwa kwa jasho la Mwafrika katika ardhi iliyokuwa ya Mwafrika, ikalindwa kwa ushuru wa forodha, ikauzwa kwa bei ya Mzungu. Mfanyakazi alipewa posho ya unga wa mahindi. Mkate mweupe, keki na chapati vilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni ambamo Mwafrika aliingia kama mpishi. Wapishi hao, karibu wote wanaume, walijifunza kumimina chapati nyembamba za Kiingereza zinazoliwa kwa ndimu na sukari, na ujuzi huo ulirudi nao kwenye vyumba vyao. Ndiyo maana wazee wengi wa Nairobi huita chapati ya maji pankeki. Ilitoka pwani, ikatoka Sudan, ikatoka pia kwenye nyumba za walowezi, na zote zikakutana kwenye kikaango kimoja.

Chapati ya Krismasi

Kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1970, chapati ya kusukuma ilikuwa chakula cha sikukuu kwa familia nyingi za Waafrika wa bara. Pakiti ya unga wa ngano na mkebe wa mafuta ya Kimbo vilibebwa kwenye basi la Desemba kwenda mashambani pamoja na sukari na majani ya chai. Watoto walihesabiwa, chapati zikahesabiwa. Ilikuwa ghali kwa sababu tatu: unga ulipatikana dukani tu, mafuta yalikuwa ya mkebe, na moto wa kuni haukudhibitika kirahisi.

Wakati huo mitaa yenyewe ilibadilika. Aprili 24, 1954, katika Operesheni Anvil, serikali ya kikoloni iliwasomba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi, na nafasi zao za kazi zikajazwa kwa sehemu kubwa na watu wa magharibi na Ukambani. Uhuru ulipofika mwaka 1963, mipaka ya jiji ilisogezwa na Dagoretti ikaingizwa ndani. Wenye mashamba Kawangware walijenga vyumba vya kupangisha, wapangaji wengi wakiwa Waluhya. Kibera ilijaza nafasi kati ya nyumba za Wanubi kwa Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakisii walioshuka treni na basi kuja kufanya kazi Industrial Area. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, jiko moja, kikaango kimoja.

Miaka ya 1980: chapati inashuka barabarani

Hapa ndipo historia ilipogeuka, na haikugeuzwa na mpishi yeyote.

Kwanza ulikuja moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi walianza kutengeneza jiko la bati lenye kiini cha udongo, lililobuniwa kwa kuiga jiko la Thailand, nalo likapunguza sana makaa yaliyohitajika. Jiko hilo hushika joto la wastani kwa muda mrefu, na hilo ndilo joto ambalo chapati ya kusukuma inahitaji. Moto mkali huiunguza kabla haijaiva ndani. Moto hafifu huifanya ngumu. Mama mwenye jiko hilo na mfuko mdogo wa makaa aliweza kupika kwa saa kadhaa bila kubadilisha moto.

Pili, vipimo. Ukame wa 1984 uliwazoesha watu kununua unga kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta wa kilo 2 uliogeuzwa kuwa kipimo cha sokoni, na biashara ya kupimiwa ikaenea: mafuta ya shilingi chache, sukari ya kijiko, unga wa nusu kilo. Kampuni ya Bidco na wengine waliojitosa kwenye mafuta ya mawese walishusha bei hadi mafuta yakaacha kuwa bidhaa ya sikukuu. Mafuta ya Kimbo na Cowboy yenyewe baadaye yaliishia mikononi mwa Bidco.

Tatu, na hili ndilo zito, masharti ya wakopeshaji wa nje ya kurekebisha uchumi. Viwanda vilipunguza watu, serikali ikapunguza watu, mshahara wa mwezi ukawa kibarua cha siku. Mwanamume aliyekuwa akila katika kantini ya kiwanda sasa alitembea kando ya reli kutoka Laini Saba, Kibera, kwenda kutafuta kazi ya mkono, bila kujua kama angeipata. Alihitaji chakula cha bei ndogo, kinachoshibisha, kinacholiwa kwa miguu. Mke wake alihitaji kazi isiyohitaji mtaji mkubwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 udhibiti wa bei ya unga ulikuwa umeondolewa na ngano ya nje ikaruhusiwa kuingia. Wasagaji wa Mombasa, waliokaa karibu na meli, wakapata nguvu mpya. Majina kama Dola na Ajab yakajipanga rafuni kando ya unga wa Exe.

Mambo hayo matatu yalipokutana, chapati ilishuka kutoka meza ya Krismasi hadi kwenye kibanda cha mbao.

Kwa nini ya kusukuma ikashinda

Ya maji ni rahisi zaidi kutengeneza. Haihitaji kibao, wala kupumzisha donge, wala mikono yenye nguvu. Unga kidogo huzaa chapati nyingi, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuipika. Kwa kipimo hicho ingestahili kuwa chapati ya maskini wa jiji zima. Majumbani ndivyo ilivyo: mwisho wa mwezi, unga ukibaki kikombe kimoja na mafuta yakiwa ya kupaka tu, mama hukoroga.

Barabarani ina udhaifu ambao hauna dawa. Huliwa moto. Ikipoa hunywea, ikirundikwa hugandana, ikifungwa kwenye karatasi huchanika. Haiwezi kuchota mchuzi wa madondo, yaani maharagwe, bila kukatika. Na mpishi wake hawezi kujiandaa mapema, kwa kuwa kila moja inasubiri kikaango.

Ya kusukuma imejengwa kwa ajili ya kungoja. Tazama mpishi mzoefu wa Gatwekera, Kibera, au wa pale stejini Kawangware anavyopanga siku yake. Mchana anakanda kwa maji ya uvuguvugu, chumvi, sukari kidogo na mafuta, hadi donge liache kushika beseni. Analifunika lipumzike, maana unga uliokandwa hukaza, na ukisukumwa papo hapo hurudi nyuma. Kisha analikata, anasukuma kila kipande, anakipaka mafuta, anakikunja kuwa kamba na kukizungusha kama konokono. Hapo ndipo tabaka zinapozaliwa. Makonokono hayo hupangwa kwenye sinia na kungoja, hata saa mbili. Pakiti moja ya kilo 2 hutoa kama 20 hadi 25, kutegemea mkono wa mpishi na dhamiri yake. Jioni kinachobaki ni kusukuma mara ya mwisho na kukaanga, wakati matatu zinamwaga watu. Zilizoiva hurundikwa ndani ya kitambaa na nailoni, na mvuke wake huzilainisha. Chapati ya saa kumi na moja bado ni chakula kizuri saa mbili usiku.

Hilo la kungoja ndilo lililoamua kila kitu. Si ladha, kwa maoni yangu, na si asili. Ingekuwa asili, Makina ingekuwa ikiuza gurusa kila kona, na Kawangware, iliyoishi kando ya Wafaransa tangu 1899, ingekuwa na neno lake kwa chapati yao.

Na kitoweo? Nairobi imejibu swali la Mfaransa na Mholanzi kwa namna zote mbili. Chapo madondo na chapo ndengu hutenganisha: chapati mkononi, mchuzi kwenye sahani ya bati. Chapati iliyoviringishwa soseji ya smoki na kachumbari inamfuata Mfaransa, kitoweo kikija baada ya kuiva. Rolex ya Uganda, iliyosambaa kutoka vibanda vya Kampala hadi Nairobi, iko katikati, kwa kuwa yai humiminwa kikaangoni, chapati ikalazwa juu yake kabla yai halijakauka, vikashikana, kisha vikaviringishwa. Hapo kumimina na kusukuma vimekutana katika chakula kimoja, na vijana wa kiume, ambao sasa ni wengi katika biashara hii, ndio walioifanya ivume.

2008 hadi 2022: misukosuko

Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza Toi Market na kung'oa reli ndani ya Kibera. Wauza chapati walipoteza vibanda, na walipoteza pia wateja, maana majirani wa kabila moja walikuwa wamehama njia za wengine. Kawangware ilipata majeraha ya aina hiyo Oktoba 2017. Nimeona mara nyingi watu wakisema kwamba chakula huunganisha. Kibanda cha chapati hakikuweza kuzuia panga. Lakini kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kurudi, kwa sababu mtaji wake ni mdogo na njaa haingoji tume.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na bei ya makaa ikaruka. Gesi ikawa kimbilio, kisha Julai 2021 ikawekewa kodi ya VAT ya asilimia 16, iliyopunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata. Katikati yake ukaja ugonjwa wa Korona. Kuanzia Machi 27, 2020, watu walitakiwa kuwa ndani kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa ofisi hilo lilikuwa usumbufu. Kwa mpishi wa chapati lilikuwa kufutwa kwa siku yake ya kazi, kwa kuwa saa za mauzo ni zile zile zilizopigwa marufuku. Amri hiyo haikuondolewa kabisa hadi Oktoba 20, 2021.

Miezi minne baadaye Urusi iliivamia Ukraine. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na nchi hizo mbili zilikuwa miongoni mwa wauzaji wake wakuu. Mafuta ya kupikia yalipanda pamoja na unga. Wapishi wengi walisita kupandisha bei kwa wateja wenye sarafu zilizohesabiwa, wakapunguza donge. Chapati ya mwaka 2022 ilionyesha vita kwa upana wake.

Siku za karibuni

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya mboga. Vipengele hivyo viwili vilieleweka mtaani bila mtafsiri. Serikali iliviondoa kabla ya mswada kupitishwa, lakini hasira ilikuwa imeshapita hapo, na baada ya waandamanaji kuingia Bunge Juni 25 mswada mzima ukaachwa siku iliyofuata.

Machi 2025, katika ziara yake ya Nairobi, Rais William Ruto aliahidi kuununulia mpango wa Dishi na County mashine ya kupika chapati milioni moja kwa siku. Mpango huo, ulioanza mwaka 2023, huwapa wanafunzi wa shule za umma chakula cha mchana, mzazi akichangia shilingi 5. Ahadi ilipokelewa kwa shangwe, na kwa maswali kuhusu unga, umeme na nani angelipa.

Mimi nina swali la jikoni. Mashine za namna hiyo hukata donge na kulibana kati ya mabamba mawili ya moto. Hazipaki mafuta katikati, hazizungushi konokono. Zinachotoa ni chapati bapa isiyo na tabaka, iliyo karibu zaidi na ile iliyopikwa kambini mwa wajenzi wa reli kuliko ile inayouzwa leo Kibera. Mtoto wa Kawangware akiipata mchana kwa shilingi 5 atashiba, na ni haki yake ashibe. Jioni, akitumwa stejini na sarafu ya 20, atanunua ile nyingine, iliyokunjwa kwa mkono.